Shajara ya mradi: tumeuliza "umeridhika?" wote wakatujibu alhamdulillah

Wiki ya 1, Jumatatu

Naanza kuandika leo ili baadae tusije tukasahau tulianzia wapi. Kituo chetu hapa Unguja kina chumba kimoja cha sungura, kimoja cha panya weupe, na pembeni kuna kibanda cha wadudu ambako tunafuga mbu kwa utafiti wa malaria. Mkuu anataka tuombe ithibati ya utunzaji wa wanyama wa maabara, ile inayotolewa na chombo cha kimataifa kinachoitwa AAALAC International, na kabla hajapeleka bajeti juu kaniita ofisini kaniambia, "Dokta, hebu kaniulizie walioipata, wameridhika nayo? Na watu wetu wenyewe humu ndani wameridhika na hivi tulivyo? Nisije nikaomba pesa za watu afu ikawa karatasi ya kutundika ukutani tu." Basi mradi ndo huo. Wiki kumi, watu watatu: mie, dada wa takwimu, na kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo.

Kwa atakaesoma na hajui, hichi chombo kilianza Marekani mwaka 1965, na 1996 kikabadilisha jina kwa sababu kilishatoka nje ya Marekani. Kuomba ni hiari, hakuna sheria inayokulazimisha. Saivi taasisi zaidi ya 1,000 duniani zina ithibati yao. Unaandika maelezo marefu ya programu yako nzima, afu wanakuja wakaguzi ambao nao ni watu wa kazi hii hii, wanazunguka vyumba vyote, wanasoma mafaili, wanazungumza na watu, na kila baada ya miaka mitatu wanarudi. Na hawaangalii matundu peke yake kama wengi wanavodhani. Wanaangalia kamati ya maadili, mafunzo, afya ya wafanyakazi, daktari wa wanyama ana nguvu kiasi gani, mpango wa dharura, yote. Kipimo kikubwa wanachotumia ni ule Mwongozo wa utunzaji na utumiaji wa wanyama wa maabara, toleo la nane la 2011, ambao sie tunao nakala moja iliyochapwa na kurasa zake zimeshaanza kuchomoka kwa kusomwa.

Wiki ya 1, Alkhamis

Kosa la kwanza na nashukuru tumeligundua mapema. Fomu yetu tuliipa kichwa "Kuridhika kwa wanachama na ithibati". Kumbe taasisi yenye ithibati haiitwi mwanachama. Wanachama wa AAALAC ni vyama vya kitaaluma, vya wanasayansi na madaktari wa wanyama na kadhalika, kila chama kinateua mjumbe wake. Wenye ithibati ni kundi jengine kabisa. Sasa sie tulikuwa tunataka kuwauliza wenye vyumba vya wanyama, sio wajumbe, kwa io tumefuta neno mwanachama kwenye fomu nzima. Linaonekana jambo dogo lakini ukimwita mtu sie wake anakujibu kwa niaba ya asiekuwa yeye.

Wiki ya 2

Tumezungumza na taasisi tatu zenye ithibati, zote nje ya Zanzibar, kwa Zoom na moja kwa simu. Majina siandiki humu. Mchakato wenyewe ni wa siri, matokeo ya ukaguzi yanabaki baina ya taasisi na chombo, na watu walitwambia mambo kwa kuaminiana.

Wote watatu wamesema wameridhika. Waliloshukuru zaidi ni namna wakaguzi walivokaa nao: wanakuja kama wenzao, wanauliza "nyie hili mnalifanyaje?" badala ya kuja na fimbo. Siku ya mwisho kabla ya kuondoka wanakaa na uongozi wanawaeleza walichokiona, kwa io hakuna kungoja barua kwa hofu miezi kadhaa, ingawa uamuzi wenyewe hautoi mkaguzi, unatolewa na baraza lao. Na barua ikija inatenganisha yale ya lazima, ambayo lazima uyarekebishe ndo upate ithibati kamili, na yale ya ushauri ambayo unaweza kuyafanyia kazi taratibu. Malalamiko yalikuwa mamoja tu: kuandika yale maelezo ya programu kunakula miezi, na aneandika mara nyingi ni mtu mmoja ambae kazi zake nyengine hazipungui.

Usiku nikiangalia orodha ya tuliozungumza nao nikaona kitu hakijakaa sawa. Mmoja mkurugenzi, mmoja daktari wa wanyama mkuu, mmoja meneja. Hakuna hata mmoja aneshika tundu asubuhi. Nimeandika pembeni, nitalirudia.

Wiki ya 3, Jumanne

Leo tumewagaia fomu watu wetu wenyewe. Wahudumu wa wanyama, wa maabara, mlinzi, bi wa usafi. Maswali kumi na mbili, kila moja unachagua kuanzia 1 mpaka 5, tano ikiwa umeridhika sana. Dada wa takwimu aliitengeneza vizuri sana, imenyooka, lugha nyepesi.

Zimerudi zote na karibu zote ni tano. Tano, tano, tano, mpaka chini. Swali la joto la chumba cha sungura, tano, na mie najua chumba kile mchana wa kaskazi unatoka shati limeroa. Kwenye fomu mbili pale pembeni mtu kaandika kwa kalamu "alhamdulillah".

Kijana alifurahi akasema tumefaulu. Dada wa takwimu hakusema kitu, kazikusanya fomu kaziweka kwenye bahasha.

Wiki ya 3, Alkhamis

Nimelala nalo siku mbili hili jambo. Asubuhi nikamfata bi wetu wa zamu ya kwanza, yule alokuwepo hapa kabla yangu mie na kabla ya Mkuu, nikamkuta anabadilisha maranda kwenye matundu ya panya. Nikamwambia bi, mbona fomu zote tano? Hakuacha kazi, kaniambia:

"Mwanangu, wewe umeniuliza mie nimeridhika. Sasa nikwambie sikuridhika, hapo namnung'unikia nani? Riziki yangu iko humu. Mtu wa kuridhika anaridhika na alichopewa na Mungu. Ungeniuliza eisii inafanya kazi, ningekwambia haifanyi."

Wallahi nilisimama pale kama dakika nzima. Sie tumechukua neno ambalo kwetu ni adabu na ni dini, ukiulizwa unajibu namna moja tu, na tukaligeuza kipimo. Mtu akikuuliza habari za asubuhi huanzi kumweleza deni lako. Na juu ya hivo neno lenyewe ni lile lile la ridhaa, ukurasa wa kwanza tumemwomba ridhaa yake ya kushiriki, ukurasa wa pili tunamuuliza kama ameridhika, kwa yeye akisharidhia ameshamaliza, huko kwengine atasema nini tena?

Fomu zile hatuzitupi, zitabaki kwenye faili kama zilivyo. Lakini hatuzihesabu.

Wiki ya 4

Tumeandika upya. Hakuna neno kuridhika hata pahala pamoja, na hakuna namba. Maswali yote yanauliza kitu kilichotokea:

Mara ya mwisho ulipoona mnyama hali yake sio nzuri, ulimwambia nani, na alikuja baada ya muda gani?
Sikukuu iliyopita nani aliwalisha?
Kuna kitu ulikisema kikafanyiwa kazi? Kipi?
Ukitoka chumba cha panya mwili wako unakuwaje?

Na hatukuyauliza ofisini. Kuna baraza nyuma ya stoo, jioni wanakaa pale wanangojea gari, tukaleta kahawa na kashata tukakaa nao, kijana anaandika kwenye daftari na mie nilikaa mbali makusudi maana mie ndo naesaini likizo zao. Siku tatu hivo. Siku ya tatu kijana kaja na daftari limejaa na kaniambia, "Dokta, hili nimesikia mpaka nimeona haya."

Wiki ya 5

Wiki hii yote imekwenda kwenye sikukuu.

Mwongozo unasema wazi kwamba wanyama waangaliwe na wahudumiwe kila siku na mtu mwenye ujuzi, pamoja na siku za mapumziko na sikukuu. Na sie kwenye makaratasi tunafanya hivo. Rota ipo, Idi mosi kuna jina, Idi pili kuna jina, imesainiwa. Kumbe jina linalokuwepo kila mwaka ni la mtu mmoja, kwa sababu anakaa karibu na wengine wanakwenda shamba au wanavuka Pemba, na huyo mtu asubuhi ya Idi anasali, anarudi nyumbani anavua nguo zake mpya anavaa za kazi, anakuja kwa miguu kwa sababu magari asubuhi ile hayapo, analisha, anabadilisha maji, anarudi kwake wageni wameshakuja wameondoka. Hakuna nauli, hakuna ovataimu, na kuna mwaka mtoto wake wa kwanza alikuwa ana siku nne tangu kuzaliwa. Hajawahi kusema. Kwenye fomu ya mwanzo alijaza tano zote.

Nimelipeleka kwenye kamati ya maadili Jumatano. Kamati yetu inafata muundo wa Mwongozo: daktari wa wanyama, mtafiti, mtu asiekuwa mwanasayansi, na mjumbe wa kutoka kwa jamii ambae hana uhusiano na kituo. Huyo wa jamii kwetu ni Maalim wa madrasa ya jirani. Mara nyingi anakaa kimya maana tunazungumza mambo ya dozi na sindano. Safari hii aliuliza swali moja, "Huyo sungura akikaa na njaa siku ya Idi dhambi ni ya nani? Ya huyu mliemwachia peke yake, au ya nyie mliokula biriani?" Afu akataja ile habari ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua, ya mwanamke aliemfungia paka bila ya kumlisha. Mwenyekiti akaandika kwenye muhtasari "pendekezo: rota ya sikukuu ihusishe ngazi zote". Ngazi zote maana yake na sie.

Mie naamini hapa ndo mradi ulipopata mgongo. Tungekwenda kwa wakaguzi na ile rota yetu iliyosainiwa huenda tungepita, maana mnyama kweli alikuwa analishwa. Lakini kinachobebwa na mtu mmoja kwa huruma yake siku moja kitakatika, ataumwa au atahama, na siku hiyo sungura hatokula na karatasi itasema kala.

Wiki ya 6, Jumatatu

Chafya. Wahudumu watatu kati ya wote wanaoingia chumba cha panya wanapiga chafya, macho yanawasha, mmoja kifua kinambana usiku. Wote walidhani ni vumbi la maranda au mafua ya mjini. Nimewaeleza kwamba mkojo wa panya una protini ambazo zinaruka hewani na kuna watu miili yao inazikataa, ni aleji inayojulikana sana duniani kwa watu wa kazi yetu, na ikiachwa inaweza kuishia kwenye pumu. Afya ya wafanyakazi ni sehemu ya ithibati kama yalivyo matundu. Sie tulikuwa na glavu za kutosha na barakoa za kitambaa zilizobaki tangu wakati wa korona, ambazo kwa hili hazisaidii kitu. Yule mwenye kifua tumemhamishia kwa sungura kwa sasa na anakwenda kupimwa wiki hii. Nimemuomba radhi mbele ya wenzake.

Wiki ya 6, Ijumaa

Umeme ulikatika saa tano mpaka saa tisa. Jenereta iliwaka. Mpango wa dharura tulionao ni ukurasa mmoja, na tunaishi kisiwa ambacho kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kilikaa miezi mitatu bila ya umeme. Kuandikwa upya.

Wiki ya 7

Nimevuka kwenda Pemba, bahari ilikuwa chafu, tumeshuka Mkoani watu wote wamenyamaza. Kule kuna wenzetu wanafanya kazi ya mbu na wanataka kutumia maswali yetu. Tulikaa Chake siku mbili, sio mbali na Wawi ilipo maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri.

Mazungumzo makubwa yalikuwa juu ya sungura wa kulishia mbu. Mbu jike hatagi bila ya damu, na njia rahisi iliyozoeleka ni kumweka sungura au simbilisi juu ya tundu la mbu wakamnywa. Sie bado tunafanya, kwa kibali cha kamati, na muda unahesabiwa. Ila mhudumu mmoja wa kule, kijana mdogo tu, akaniuliza kwanini tusitumie damu ya machinjioni kupitia utando, ukaipasha moto ikafika joto la mwili na mbu wananyonya kwa chini. Nikamwambia kweli, na hili kwetu sio geni: Unguja mbung'o wamekwisha kwa kazi iliyotegemea ulishaji huo huo wa utando. Madume walotasishwa kwa mionzi walikuwa wanafugwa Tanga, wanalishwa damu ya ng'ombe kupitia utando, afu wanamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa kuanzia 1994, majike wa mwituni wakapandwa nao wasizae. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa 1996 na 1997 ikatangazwa kwamba kisiwa kimesafika. Mamilioni ya nzi bila ya kumweka ng'ombe mzima ndani ya chumba. Ndo ile R ya kwanza, Replacement, katika kanuni tatu za wanasayansi Russell na Burch za mwaka 1959 juu ya kutumia wanyama kwenye utafiti: ukiweza kumuondoa mnyama muondoe. Kijana yule hajawahi kuwasikia Russell na Burch, yeye kaona tu masikio ya sungura wake yamejaa alama na roho ikamuuma.

Swali jengine walilouliza kule ambalo nimelibeba mpaka huku: "Hao wakaguzi wakija watazungumza na sie, au na nyie tu?" Nimewajibu watazungumza na nyie, ndo utaratibu, wanapozunguka vyumbani wanawauliza wanaoshika wanyama. Lakini nimerudi nikijiuliza kama wahudumu wetu wakiulizwa na mgeni mbele yangu watasema nini. Alhamdulillah, bila shaka.

Wiki ya 8

Nimewarudia wale wa taasisi tatu za mwanzo nikawaomba ruhusa tuzungumze na wahudumu wao, bila ya wakubwa kuwepo. Wawili wamekubali. Wa tatu hakujibu.

Wiki ya 9

Tumezungumza nao, kwa bahati wote Kiswahili wanakijua, na maswali yalikuwa yale yale ya kilichotokea.

Pahala pa kwanza mhudumu alituhadithia kwamba wiki mbili kabla ya wakaguzi matundu yanaoshwa mara mbili kwa siku, vibandiko vinabandikwa upya, watu wanafundishwa majibu, na wageni wakishapanda gari kila kitu kinarudi. "Sie tunaita msimu," kasema. Meneja wa hapo hapo ndie alietwambia wiki ya pili ameridhika sana, na siamini kwamba alitudanganya. Nadhani kwa anachokiona yeye kaeleza kweli.

Pahala pa pili kinyume. Mhudumu kasema tangu wapate ithibati anapimwa afya yake kila mwaka, na kuna ubao pale mlangoni ambapo mtu yeyote anaandika alichokiona kwa mnyama na daktari lazima aandike chini yake kafanya nini na saa ngapi. Kasema mwanzo waliogopa kuandika. Nikamuuliza nini kilichowafanya waache kuogopa, kaniambia kuna dada mmoja aliandika kwamba mtafiti kazidisha idadi ya panya kwenye tundu, na wote wakangoja dada afukuzwe, na alieitwa ofisini akawa mtafiti. Basi kuanzia hapo ubao unajaa.

Ithibati ni ile ile, chombo ni kile kile. Dada wa takwimu kaniuliza sasa kwenye ripoti tuandike wameridhika au hawakuridhika? Tumekubaliana tutaandika hadithi zote mbili kama zilivyo, bila ya majina, bila ya wastani. Wastani wa hawa wawili ni mtu ambae hayupo.

Wiki ya 10, Jumatano

Ripoti nimemkabidhi Mkuu mkononi. Kaisoma yote mbele yangu, kwenye ukurasa wa sikukuu karudi nyuma kausoma tena. Kaniuliza, "Huyu ndie yule wa zamu ya jioni?" Nikamwambia Mkuu, tumeahidi majina hatutoi. Kanyamaza.

Uamuzi: maombi ya ithibati hayaendi mwaka huu wa fedha. AAALAC wana huduma ya tathmini kwa taasisi ambazo hazijawa tayari, wanakuja wanakwambia umesimama wapi bila ya kukupitisha wala kukuangusha, na hiyo ndo tutaiombea pesa. Mie nilitaka tuombe moja kwa moja, sifichi, nimeingoja siku nyingi. Lakini siwezi kuwaleta wageni wawaulize watu wangu huku tano zile bado ziko kwenye bahasha.

Kwenye bajeti vimepita vitu vitatu: nauli na malipo ya zamu za sikukuu, barakoa za kweli pamoja na vipimo vya afya, na kiyoyozi cha chumba cha sungura. Mwongozo unataka sungura wawe baina ya nyuzi 16 na 22, leo saa nane mchana kipimajoto kimesoma 29. Utando wa kulishia mbu umewekwa wiki za mbele, tunangojea kijana wa Pemba atuletee bei.

Wiki ya 10, Alkhamis

Ubao umetundikwa mlangoni kwa panya. Ni ule wa skuli wa zamani, tumeupaka rangi upya. Mpaka jioni haujaandikwa kitu.

Wiki ya 10, Jumamosi

Bi kaandika. "Tundu la 14 chupa ya maji inavuja tangu Jumanne." Nimekwenda nimeibadilisha mwenyewe, nikaandika chini yake saa tatu na robo asubuhi, na jina langu.